Waacheni walenga shabaha wasafiri, rekebisheni kaunta na mkanda wa mizigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita akitaka mashirika ya ndege yapigwe marufuku kubeba bunduki za wanamichezo. Alieleza kwamba alikuwa kwenye foleni nyuma ya msichana mwenye kasha refu jeusi, mara mhudumu wa kaunta akapaza sauti kumwita mwenzake: "Njoo hapa, huyu ana bunduki!" Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja akamvuta mwanawe. Msomaji wetu naye akasafiri roho mkononi mpaka ndege ikatua.

Hofu yake naielewa. Lakini mimi nimekaa upande wa pili wa kaunta kama hiyo kwa miaka mingi hadi nilipostaafu. Nimepokea bunduki za walenga shabaha, za wawindaji, na hata zile nyepesi za wanamichezo wanaoteleza kwenye theluji huku wakisimama kulenga. Nikisoma barua ile naona mtu mmoja tu wa kulaumiwa, naye ni yule aliyepaza sauti. Msichana mwenye kasha alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alikuja mwenyewe, akasema alichobeba, akasubiri akaguliwe.

Nianze na ndege yenyewe, maana huko hakuna kubwa. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa ulinzi wa usafiri wa anga kwa nchi karibu zote, kinataka silaha inayosafirishwa ithibitishwe na mtu aliyeidhinishwa, mwenye ujuzi, kwamba haina risasi, kisha ikae mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuifikia ndege ikiwa safarini. Kwa ndege za kawaida za abiria maana yake ni buti, chini ya sakafu, pamoja na masanduku yenu. Abiria hana njia ya kushuka huko. Bunduki imefunguliwa, haina risasi, imefungwa kwa kufuli, na mwenyewe kakaa juu anakula karanga. Sijui ni mzigo gani mwingine ndani ya ndege ile ambao umeangaliwa na macho mengi kiasi hicho.

Silaha za kutisha ni zile zisizotajwa. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki na bastola 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, yaani ndani ya mabegi ya mkononi na miilini mwa watu waliokuwa wanaelekea kupanda ndege, na takriban asilimia 93 zilikuwa na risasi ndani. Hao hawakupanga foleni kwenye kaunta kujieleza. Ukimfukuza anayejitaja, utabaki na wasiojitaja.

Sasa nije kwenye kaunta, maana hapo ndipo penye maneno.

Kazi ya kupokea bunduki ikifanywa sawasawa haina kelele yoyote. Abiria anakuwa amelijulisha shirika mapema, wakati wa kukata tiketi au siku kadhaa kabla, na kwenye rekodi yake tunaona herufi nne, WEAP. Ukiziona hizo unajua mtu huyu utampeleka wapi na utamwita nani. Yeye akifika anasema kwa sauti ya kawaida, "Nina silaha ya michezo ya kutangaza, na hati ninazo." Wewe unampeleka chumba cha pembeni, au angalau mwisho wa kaunta mbali na watu, na polisi au mkaguzi anakuja huko huko. Kasha linafunguliwa huko huko.

Nieleze kinachoangaliwa, kwa ajili ya wasiowahi kuona. Bunduki ya shabaha ya kufyatua moja moja ina chuma kinachoteleza nyuma na mbele, wenyewe wanakiita bolti. Ndicho kinachosukuma risasi kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na ndani yake mna sindano ya kugonga fataki, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Mlenga shabaha anayejua kazi yake anakuwa amekitoa kabisa na kukilaza kwenye tundu lake la sponji kando ya mtutu. Hapo bunduki imebaki bomba la chuma na kitako. Unatazama kwa nyuma ya mtutu unaona mwanga mbele, basi. Wengi huongeza kamba au kibendera cha plastiki cha rangi ya machungwa kilichochomekwa kwenye chemba, kwa sababu uwanjani kwao ni lazima. Mkaguzi anahitaji kutazama tu. Hana sababu ya kuishika, kuiunga, wala kuielekeza popote.

Nimewahi kufanya kazi na msimamizi aliyekuwa na tabia ya kumwambia abiria aitoe bunduki kwenye kasha, pale pale mbele ya foleni, ailete bolti yake, aiunge, halafu avute mara mbili tatu "tuhakikishe iko tupu." Jamani! Silaha iliyofika imelala vipande, salama salimini, unaiamsha wewe katikati ya watoto na vigari vya mizigo? Makocha walimkatalia waziwazi, wakasema tupeleke chumbani au hatufungui, na walikuwa sahihi. Yeye akaona wanaleta kiburi.

Jambo la pili ni ufunguo. Sheria ya Marekani inasema silaha isiyo na risasi isafiri katika kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo au namba ya siri ibaki kwa abiria peke yake. Naipenda kanuni hiyo na ningependa iheshimiwe kila mahali. Mhudumu anayesema "niachie ufunguo, nyuma wakitaka watafungua" hajui anachoomba. Huko nyuma kuna watu wangapi? Zamu inabadilika, ufunguo unapita mkono hadi mkono, na bunduki ikipotea hakuna atakayejua ilipotelea mkono wa nani. Kama kasha linatakiwa kufunguliwa tena baada ya eksirei, aitwe mwenyewe arudi afungue. Ndiyo maana siku zote niliwaomba abiria hawa wasikimbilie ndani. Wakae karibu na kaunta mpaka tupate jibu kwamba kasha limepita.

Kasha lenyewe liwe kasha kweli. Yapo ya plastiki laini yenye kufuli moja katikati. Ukishika pembe na kuinua, linafunuka mpaka mkono unaingia. Hilo halijafungwa hata kama kufuli lake ni kubwa. Nilikuwa nafanya hivyo mbele ya mwenyewe, nainua pembe, anaona mwenyewe vidole vyangu vinagusa kitako, na mabishano yanaisha. Matundu yote ya kufuli yana sababu yake, basi yote yafungwe.

Na lebo. Utakuta mahali pengine kasha linabandikwa karatasi nyekundu kubwa nje kwamba ndani mna silaha, kama vile ni tangazo la mnada. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza shirika la ndege kutaka alama ya namna hiyo ibandikwe nje ya mzigo, na sababu ni nyepesi: ukiandika hivyo umemwelekeza mwizi. Karatasi ya tamko ikae ndani, juu ya bunduki, ambapo atakayefungua kihalali ataiona.

Risasi ndizo zilizotuletea ugomvi mwingi kuliko bunduki. Kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari zinamruhusu abiria, kwa idhini ya shirika la ndege, kubeba risasi za matumizi yake mwenyewe zisizozidi kilo 5 pamoja na vifungashio, ziwe za kundi la 1.4S, yaani zile ambazo hata zikilipuka kwa bahati mbaya madhara yake hayatoki nje ya boksi, na ziwe zimefungwa vizuri. Zenye vichwa vya kulipuka au kuwasha moto hazikubaliwi hata moja. Baruti ya kopo na fataki zisizounganishwa pia hazipandi ndege kama mzigo wa abiria, hata zikiwa kidogo namna gani. Hapo hakuna kubembelezana.

Watu husikia kilo 5 kwa kila mmoja wakadhani ni hesabu ya familia. Mume na mke wanakuja na boksi moja la kilo 10, wanasema mimi tano, yeye tano. Haiwezekani. Posho, yaani kiasi anachoruhusiwa kila abiria, haziunganishwi za watu wawili kwenye kifurushi kimoja. Kila mtu na chake. Na nimeona risasi zimemiminwa kwenye soksi, soksi imefungwa fundo, imesukumwa kwenye pembe ya begi la nguo. Mwenye soksi ile alikuwa mzee mstaarabu, leseni yake safi, bunduki yake imepakiwa vizuri ajabu, ila alitaka kupunguza nafasi. Tulimrudisha akatafute boksi lenye vitundu, maana risasi zinatakiwa zikae kwenye kifungashio kilichotengenezwa kwa ajili yake, kila moja isigonge mwenzake.

Kwa walenga shabaha wa risasi ndogo za .22 kilo 5 zinatosha na kubaki, maana risasi elfu moja hazifiki kilo 4. Na hawa lazima wabebe zao, kwa kuwa wamezijaribu toleo kwa toleo kwenye mtutu wao na hawataki za dukani ugenini. Lakini muulize anayetumia bunduki ya marisau kupiga sahani za udongo. Risasi yake moja, ikiwa na marisau ya gramu 24, ganda, baruti na kikombe cha plastiki ndani, inafika gramu 35 hivi. Maboksi matano ya risasi 25 yanakaribia kumaliza posho yake yote, na hizo ni risasi 125. Mchujo wa trap, mojawapo ya mashindano hayo ya sahani, una sahani 125, na kwa kila sahani anaruhusiwa kufyatua mara mbili. Bado hajafanya mazoezi. Kwa hiyo waandaaji wa mashindano huwauzia risasi huko huko, na anayekuambia ana kilo 12 za "dharura" anajua vizuri kwamba anakujaribu.

Kisha kuna bunduki za hewa. Wengi wanadhani hizi ni rahisi kwa kuwa hazina baruti, kumbe wahudumu wengi wanakwama hapo hapo. Bunduki ya hewa ya mita 10 inapiga kidonge cha milimita 4.5 kwa nguvu ya mtungi mwembamba ulio chini ya mtutu, na mtungi huo hujazwa hewa mpaka mgandamizo wa bar 200, mwingine 300. Gurudumu la gari dogo lina kama bar 2 na kitu. Marekani wanasema wazi kwamba mtungi wa gesi iliyoshindiliwa haukubaliwi mpaka vali itenganishwe nao kabisa na mdomo ubaki wazi, mkaguzi aone ndani kwa macho yake. Kumwaga hewa tu hakutoshi, kwa kuwa mtu wa eksirei hawezi kujua kama mtungi uliofungwa ni mtupu au umejaa. Kwa mchezaji hilo ni tatizo kweli, maana kung'oa vali si kazi ya kufanyia chumba cha hoteli. Makocha wenye akili huacha mitungi nyumbani na kupanga mapema kuazima itakayokubali bunduki zao kule waendako. Wasio na mpango nimewasikia mitungi yao ikipiga mluzi nje ya jengo la abiria, walinzi wanakuja mbio, na siku imeharibika kwa wote.

Kwa wenye bunduki nina machache, maana wengi wao wanajua. Bolti na magazini msiziweke kwenye begi la mkononi mkidhani mnazilinda. Sehemu za silaha haziingii ndani ya ndege, ila darubini ya kulengea peke yake Marekani wanairuhusu. Betri za akiba za lithiamu, kinyume chake, lazima zipande na wewe, zisiachwe kwenye kasha la butini. Mafuta ya kusafishia yanayoshika moto yaacheni. Pekueni mifuko ya jaketi la mazoezi, tena mara mbili, kwa sababu risasi moja iliyosahaulika mfukoni ikionekana kwenye ukaguzi wa abiria itawatoa kwenye safari. Jaketi lenyewe lifueni au lipakieni chini, maana kipimo cha kunusa vilipuzi hakijui kwamba masizi ya mkononi mwako yametoka kwenye mazoezi ya jana. Pimeni kasha: mashirika mengi huhesabu urefu, upana na kimo pamoja visizidi sentimita 158, na kasha la bunduki ndefu hupita hapo kirahisi, kwa hiyo mtalipia kama mzigo mkubwa au kama chombo cha michezo. Na likizidi kilo 32 wapakiaji wengi hawaligusi.

Kubadilisha ndege njiani ni mtego. Leseni ya nyumbani na kibali cha nchi mnayokwenda havitoshi kama katikati kuna nchi ya tatu inayotaka kibali chake hata kwa silaha inayopita tu. Mkiwa na tiketi mbili tofauti, mzigo unatoka, mnaupokea, na hapo bunduki imeingia nchi hiyo. Wenye pasi ya silaha ya Ulaya wana nafuu wakiwa kati ya nchi za Umoja wa Ulaya, na hata wao hutakiwa kuonyesha mwaliko wa mashindano. Ulizeni ubalozi, na majibu mchapishe kwenye karatasi. Simu yenye chaji asilimia 3 si hati.

Nimeulizwa mara nyingi na wanamichezo, bunduki ikivunjika je? Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, fidia ya mizigo ya abiria mmoja ina kikomo, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519, ile hesabu ya fedha ya IMF, takriban dola 2,000 za Marekani. Bunduki nzuri ya mashindano yenye kitako cha aluminiamu inapita hapo mbali. Mkataba unakuruhusu kutoa tamko maalumu la thamani wakati unakabidhi mzigo, ukalipia nyongeza, lakini lazima ulitoe hapo kaunta kabla kasha halijaondoka. Ukipokea limepasuka, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Wahudumu wengi hawalitaji tamko hilo mpaka uwaulize, na baadhi ukiwauliza wanakodoa macho.

Sasa upande wa kupokea, ambao msomaji wetu hakuugusa ingawa ndio ungempa hoja. Tarehe 6 Januari 2017, kwenye uwanja wa ndege wa Fort Lauderdale huko Florida, abiria mmoja aliyekuwa ametoka Alaska na bastola aliyoitangaza kihalali alilichukua kasha lake kwenye eneo la mizigo, akaingia nalo chooni, akaipakia risasi, akatoka na kufyatulia watu waliokuwa wanasubiri mabegi. Watu 5 walikufa. Kila kilichotangulia safari ile kilifuata utaratibu: tamko, kasha, kufuli. Ndege ilitua salama. Pengo lilikuwa pale ambapo silaha na risasi zilikabidhiwa katikati ya umati, bila mtu wa kumtazama usoni anayezipokea.

Baada ya hapo kuna mashirika yaliyoanza kufunga makasha haya kwa vibanio vya plastiki na kuyatolea ofisini kwa kitambulisho. Mengine mengi bado yanaacha kasha lizunguke kwenye mkanda pamoja na mabegi ya watu, na anayelifikia kwanza ndiye mwenyewe. Nimeona kasha la bunduki likizunguka peke yake, abiria wake kakwama kwenye foleni ya pasipoti, na mtoto kalikalia kama farasi.

Hilo, Ndugu Mhariri, ndilo ningetaka msomaji yule alidai, badala ya marufuku. Mashirika yawafundishe wahudumu kuita mkaguzi kwa simu badala ya kupaza sauti, kila uwanja uwe na chumba cha kufungulia kasha, na bunduki isipite kamwe kwenye mkanda wa abiria. Itolewe kwenye mlango wa mizigo mikubwa, mkononi mwa mtu, baada ya pasipoti, kibali na namba ya bunduki kulinganishwa. Viwanja vingi tayari vina mlango huo, ndio unaotoa baiskeli na viti vya magurudumu. Kinachokosekana ni mfanyakazi mmoja wa kusimama pale na orodha ya wenye WEAP waliokuwa kwenye ndege ile, na orodha hiyo ipo kwenye kompyuta tangu asubuhi.

Wako,
Mhudumu mstaafu wa kaunta ya mizigo